Linux, meli zilizozama na siri zinazoua

STOCKHOLM – Kuna watu ambao siku za kazi huhangaika na kompyuta zilizogoma, na mwisho wa wiki huvaa mitungi ya hewa na kuzama baharini kutazama meli zilizolala chini. Wengi wa ndugu zetu wakisikia hivyo husema hao ni Wazungu wenye muda na fedha za kuchezea. Sisi tunaona lipo jambo la kujifunza hapo, hasa sisi tuliotoka katika nchi ambazo meli zake zimezama na roho za mamia ya watu.

Anayejulikana kuliko wote katika kundi hilo ni Linus Torvalds, mzaliwa wa Helsinki, Finland, ambaye lugha yake ya mama ni Kiswidi. Mwaka 1991, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, alitangaza kiini cha mfumo wa kompyuta unaoitwa leo Linux. Msimbo wake uko wazi: yeyote anaweza kuusoma, kuurekebisha na kumgawia mwenziwe. Leo mfumo huo ndio unaoendesha sehemu kubwa ya seva za intaneti, na hata simu za Android zinazouzwa Kariakoo zina kiini cha Linux ndani yake.

Torvalds ni mzamiaji pia. Mzamiaji huvaa mkononi kifaa mfano wa saa, ambacho hupima kina na muda aliokaa chini. Kazi yake si mapambo. Mtu akiwa kilindini, naitrojeni ya hewa anayovuta huingia mwilini, na akipanda juu haraka hutoka kwa mapovu yanayoweza kumlemaza au kumuua. Kifaa hicho humwambia apande kwa mwendo gani na asimame wapi.

Tatizo ni kwamba mtu wa Linux alikuwa akirudi nyumbani na kukiunganisha na kompyuta yake, mara nyingi hakuna kinachotokea. Watengenezaji wengi walitoa programu za Windows tu, na lugha ya mawasiliano kati ya kifaa na kompyuta waliifanya siri yao. Mwaka 2011 Torvalds alichoka, akaanza kuandika programu huria ya kuhifadhi kumbukumbu za uzamiaji, iitwayo Subsurface. Aliijenga juu ya kazi ya wengine waliokwisha kuchambua lugha za vifaa hivyo kimoja baada ya kingine.

Kompyuta inaposema ukweli

Msomaji aliyewahi kuweka Linux kwenye kompyuta ya mtumba anaifahamu shida hiyo. Mashine inawaka vizuri, lakini intaneti isiyo na waya haishiki au printa haionekani. Mara nyingi kifaa chenyewe ni kizima. Kinachokosekana ni draiva, yaani ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa, na aghalabu inakosekana kwa sababu aliyekitengeneza hakutoa maelezo yake.

Hata hivyo Linux haifichi kinachotokea. Chomeka kifaa, kisha andika amri ya dmesg, nawe utasoma kiini chenyewe kinasema nini: kimekiona kifaa, hakikukitambua, au kimekosa faili fulani. Amri ya lsusb itakupa namba ya kifaa, na kwa namba hiyo utamtafuta aliyepatwa na tatizo kama lako. Wakati mwingine dawa ni ndogo, kwa mfano mtumiaji hana ruhusa ya kugusa mlango ambao kifaa kimechomekwa. Fundi mzuri haanzi kwa kubahatisha. Huanza kwa kusoma kumbukumbu.

Bahari isiyokula mbao

Sasa tuingie majini. Bahari ya Baltiki ina chumvi kidogo sana, na kwa sababu hiyo mdudu anayetoboa mbao za vyombo hawezi kustawi katika maji ya huku Stockholm. Ni mdudu yule yule anayewafanya manahodha wa kwetu wapandishe majahazi pwani na kuyapaka deheni. Ndiyo maana meli za mbao zilizozama huku karne nyingi zilizopita bado zimesimama chini na milingoti yake.

Mashuhuri kuliko zote ni Vasa, iliyozama hapa bandarini tarehe 10 Agosti 1628, siku ya safari yake ya kwanza, kabla haijamaliza hata kilomita moja na nusu. Iliibuliwa mwaka 1961 na leo ina makumbusho yake.

Watalii huvutiwa na nakshi zake. Sisi huvutiwa na sababu ya kuzama kwake. Kabla ya safari, mabaharia 30 waliambiwa wakimbie kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, na meli ikayumba mno hadi jaribio likasimamishwa. Mizinga ilikuwa mizito juu, na uzito wa chini haukutosha. Wakubwa waliona kwa macho yao, lakini Mfalme alikuwa akiihimiza meli yake iondoke, nayo ikaondoka. Uchunguzi ulipofanyika hakupatikana mwenye hatia. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Wala tusidhani mambo hayo ni ya kale. Usiku wa tarehe 28 Septemba 1994 meli ya Estonia ilizama ikitoka Tallinn kuja Stockholm, wakafa watu 852. Mwaka uliofuata yalifanyika makubaliano ya kuzuia uzamiaji pale, ili kaburi liheshimiwe. Mwaka 2020 watengenezaji wa filamu walipeleka kamera chini na kuonyesha tundu ubavuni, ambalo ripoti rasmi haikulitaja. Mwaka 2021 Sweden ilibadili sheria yake ili wachunguzi warudi kuangalia. Heshima kwa marehemu ni haki, lakini wafiwa nao wana haki ya kujua.

Na kwetu je?

MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996. Abiria wa madaraja ya juu walikuwa na orodha; wa daraja la tatu, wale wa nauli nafuu, hawakuandikwa. Ndiyo maana hadi leo idadi ya waliokufa inabishaniwa. Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara. Kilijengwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa zaidi ya 220.

Hatusemi kwamba kompyuta ingewaokoa. Tunasema kwamba daftari lingesaidia: nani amepanda, wangapi, uzito kiasi gani, nani ameruhusu chombo kiondoke, na daftari hilo lisomwe na yeyote anayetaka.

Wala ujuzi si wa kuazima. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya ushauri ya hapa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, chini ya mradi wa Kilinux. Na kati ya 1977 na 1980 wazamiaji walifukua mabaki ya Santo António de Tanná, manowari ya Wareno iliyozama mwaka 1697 mbele ya Fort Jesus, Mombasa, wakati ngome ilipozingirwa. Waliandika na kuchora walichokiona, kisha wakaufunika mwili wa meli kwa mchanga. Vyombo vyake vinaonekana leo katika makumbusho ya ngome hiyo.

Kwa hiyo kusoma kumbukumbu tunaweza, za kompyuta na za chini ya bahari. Meli ya Wareno wa mwaka 1697 imeandikwa kipande kwa kipande. Abiria wa daraja la tatu wa mwaka 1996 hawakuandikwa hata majina. Wanaosimamia bandari zetu wana wajibu wa kuhakikisha hakuna tena chombo kinachong'oa nanga huku nusu ya waliomo hawajulikani.