Mashine za Skulini: Tuulize Kabla, Tupime Baada

Mzazi wa leo huitwa mkutanoni skulini akaambiwa atoe mchango ili zinunuliwe kompyuta au vishikwambi. Akiuliza mashine hizo zitafanya kazi gani, huambiwa kuwa dunia imekwenda mbele. Jawabu hilo halitoshi. Dunia imekwenda mbele kweli, lakini mtoto asiyejua kusoma hasogei kwa kuwekewa kioo king'aacho mbele ya macho yake. Sisi hatuzipingi mashine. Tusemalo ni kuwa chombo chataka kupangiwa kazi kabla hakijanunuliwa, kisha kipimwe kwa kazi hiyo.

Na tuwatazame waliotutangulia. Nchi ya Peru, huko Amerika ya Kusini, ilinunua kompyuta ndogo za watoto zaidi ya 800,000, kwa kufuata mpango uliotangazwa mwaka 2005 wa kumpa kila mtoto kompyuta yake. Nia ilikuwa njema, maana nyingi zilipelekwa mashamba kwa watoto wa masikini. Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika ikachunguza skuli 319 za mashamba, zilizopewa na zisizopewa, na mwaka 2012 ikatoa habari zake. Skuli zisizopewa zilikuwa na kompyuta moja hivi kwa wanafunzi 8. Zilizopewa zilikuwa na zaidi ya moja kwa kila mwanafunzi. Hata hivyo, baada ya miezi 15, katika hesabu na lugha waliopewa hawakuwapita wenzao. Walisogea kidogo katika mitihani ya kufikiri, na wakazoea kuitumia kompyuta. Mashine ilifika darasani, lakini mwalimu hakuonyeshwa vya kutosha namna ya kuifungamanisha na somo.

Hapa kwetu Kenya, serikali iliyoingia mwaka 2013 iliahidi kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza. Kugawa kulianza mwaka 2016, na katika miaka iliyofuata mashine zaidi ya 1,000,000 zikafika katika skuli za msingi. Kabla ya hapo maelfu ya skuli ziliungiwa umeme, na jambo hilo twalisifu, kwani ndiyo mipango. Lakini hesabu ya mashine ni habari ya ghala. Habari ya darasa ni kuwa mtoto amejua nini leo ambacho jana hakukijua.

Habari ya namna hiyo ilitafutwa Kisumu, na yafaa kila mzazi aijue. Walimu wa madarasa ya chini walifunzwa, wakapewa miongozo ya masomo, kila mtoto akapata kitabu chake, na washauri wakawa wawatembelea walimu darasani. Kisha skuli nyingine zikaongezewa mashine kwa njia tatu: mahali pamoja walipewa watoto wenyewe vyombo vya kusomea, mahali pengine walimu walipewa vishikwambi, na pengine walipewa washauri. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Makundi yote hayo yaliwapita watoto wa skuli ambazo hazikupata msaada huo, katika kusoma Kiswahili na Kiingereza. Ama mashine yenyewe, haikuonekana kuzidisha faida juu ya ile iliyokwisha patikana kwa kitabu, mwongozo na mwalimu aliyefunzwa. Na ukitazama gharama, iliyofaa zaidi katika njia hizo tatu ni ya kumpa mshauri, kwa kuwa mshauri mmoja huhudumia skuli nyingi.

Mpango wa Tusome, ulioanza mwaka 2015 katika Kenya nzima, uliifuata njia hiyo. Mshauri alikwenda darasani na kishikwambi chake, akatazama somo, akawasikiliza watoto wachache wakisoma, akaandika aliyoyaona.

Jambo hili si geni kwa watu wa chuoni. Ubao wa mti nao ni chombo. Mwalimu huuandika, mtoto husoma, kisha ubao huoshwa. Hatujasikia mtoto akisifiwa kuwa amejua kwa sababu amenunuliwa ubao. Huketishwa akasikilizwa, na akikwama hurudishwa nyuma mpaka aweze. Yafaa mashine nazo zihukumiwe hivyo hivyo.

Basi mzazi akiitwa, na aulize maneno haya kwa adabu:

1. Ni somo lipi ambalo watoto wetu wamelishindwa, na mashine italisaidia vipi?
2. Mwalimu amefunzwa kuitumia, na akikwama atasaidiwa na nani?
3. Umeme, matengenezo na ulinzi vitalipwa na nani mwaka wa pili na wa tatu?
4. Fedha hizo hizo zingenunua vitabu vingapi?
5. Watoto watapimwa lini, na nani atatusomea matokeo?

Swali la tano ndilo husahauliwa, nalo ndilo kubwa. Watoto wakiwa hawakupimwa kabla mashine hazijafika, baada ya mwaka hapana awezaye kusema kwa haki kuwa zimefaa au hazikufaa. Kila mtu atasema apendavyo. Kupima huku hakutaki fedha nyingi. Kila mtoto wa darasa la tatu na asomeshwe ukurasa mmoja asioujua, iandikwe amesoma maneno mangapi kwa dakika moja na amefahamu nini. Baada ya mwaka watoto wa darasa hilo hilo wasomeshwe ukurasa wa namna hiyo, na matokeo yao yalinganishwe na ya skuli jirani isiyo na mashine. Kulinganisha huku ni lazima, kwani mtoto hukua na kujifunza hata bila ya mashine.

Ndugu zetu, mchango wa skuli hutoka kwa mvuvi, kwa mama auzaye maandazi, na kwa kibarua wa bandarini. Fedha hizo ni amana mikononi mwa wakubwa wa skuli, na mwenye amana haoni vibaya kuulizwa. Anayeuliza asidhaniwe kuwa adui wa maendeleo. Yeye amtakia mwanawe ajue kusoma. Tuulizeni mapema, kabla fedha hazijatoka.