TIARA AU ELIMU?

Mzazi mmoja wa hapa Bariadi, mkulima wa pamba, alitujia madrasani baada ya sala ya alasiri, uso umemkunjamana. Mwanawe, asomaye uhandisi katika chuo kikuu, alikuwa amerudi likizoni na begi lililojaa mbao nyepesi, gundi, nyaya na mota ndogo, na tangu asubuhi hata jioni alikuwa barazani akichonga mabawa. Mzee akatuambia: "Maalim, nimeuza pamba misimu mitatu kumsomesha huyu, naye amerudi kuunda tiara! Ada ya mwaka ujao sitoi."

Alitaka tumwonye kijana. Nasi tunakiri kosa letu: tulikwenda hali tumekwisha kumhukumu moyoni. Lakini haifai kuhukumu kabla ya kumsikiliza mshitakiwa. Basi tuliketi mkekani, tukamwuliza, naye akatueleza kwa adabu. Twayaandika haya kwa ajili ya wazazi wengine ambao huenda yakawafika.

Kwanza, jambo hili si mchezo wa watoto. Tangu mwaka 1986 chama cha wahandisi cha Marekani kiitwacho SAE kimekuwa kikiendesha mashindano ambayo wanafunzi wa vyuo vikuu huunda ndege ndogo za kuongozwa kwa mbali. Ndege hainunuliwi dukani. Vijana wenyewe huichora, huipigia hesabu na kuiunda kwa mikono yao. Huandika taarifa ya kazi yao, kisha husimama mbele ya waamuzi kuieleza na kuitetea. Ndipo ndege hupakiwa mzigo, nayo yapasa ipae, izunguke na itue salama.

Lililotustaajabisha zaidi ni hili. Katika daraja moja la mashindano hayo kikundi hutakiwa kutaja mapema, kwa hesabu, uzito ambao ndege yao itaweza kuubeba, na usahihi wa makadirio hayo huingizwa katika alama. Haitoshi kubeba kingi. Yatakiwa pia kusema kweli juu ya uwezo wako. Hapo mzee aliinua kichwa. Yeye ni mtu wa mizani. Ajua jinsi pamba inavyotiwa maji au mchanga ili izidi uzito, na jinsi hila hiyo inavyowaaibisha wakulima waaminifu. Akamwuliza mwanawe: "Na hii yako itabeba kiasi gani?" Kijana akafungua daftari, akamwonyesha safu za tarakimu, kila kipande na uzito wake, hata gundi.

Pili, tulimwuliza kwa nini anahangaika sana na mkia. Akajibu kwamba uzito wa ndege ukikaa mbele mno au nyuma mno ndege haitulii hewani, na kwamba mkia ndio unaoisawazisha. Tukamkumbuka Abbas bin Firnas, mwanachuoni wa Andalusia aliyefariki mwaka 887. Wanahistoria wamesimulia kwamba alijivika manyoya na mabawa akaruka, lakini alipotua aliumia mgongo, kwa kuwa hakujitengenezea mkia, na ndege hutua kwa msaada wa mkia. Basi somo analolisoma kijana wa Bariadi leo ni lile lile lililompita mwanachuoni wa Qurtuba zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Tatu, manufaa yake hayako mbali nasi. Mwaka 2016 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki kurusha ndege zisizo rubani ili kupiga picha za kutengenezea ramani za visiwa. Mwaka 2018 majirani zetu wa Mwanza waliona mashindano ya ndege za namna hiyo juu ya Ziwa Victoria, ziwa lile lile linalogusa Busega yetu. Na mwaka huo huo yalitangazwa matokeo ya majaribio ya kampuni za DHL na Wingcopter pamoja na shirika la Kijerumani GIZ: ndege isiyo rubani ilichukua dawa kutoka bara hata kisiwa cha Ukerewe, safari ya kilomita 60, kwa muda wa dakika 40 hivi. Mwenye mgonjwa kisiwani hawezi kuiita ndege hiyo tiara.

Mzee akataka kuiona ikiruka jioni ile ile. Kijana akakataa kwa upole: "Baba, kurusha kuna kanuni, na idhini hutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Bado hatujaipata." Basi ndege ikatundikwa darini bila ya kuruka, na jibu hilo likamtuliza mzee kuliko maelezo yetu yote.

Enyi wazazi, hatusemi kwamba kila kichezewacho ni elimu, wala kwamba fedha za nyumba zitupwe kwa kila atakalo kijana. Twasema: mwulize kwanza mwanao, mwana wa kiume na wa kike sawa sawa, akuonyeshe daftari lake. Ukikuta hesabu, subira na ukweli, mwache achonge.

Ada ile imelipwa. Na safari hii mzee aliongeza kitu kimoja juu yake: mizani ndogo ya dukani, ya kupimia mabawa.