Wiki Mbili Oman: Safari ya Kumtazama Shangazi

Katika miaka 31 ya ndoa yetu, mimi na mume wangu hatukuwahi kusafiri wawili peke yetu kwa mapumziko. Kila tulipopata akiba, ilikwenda kwenye karo, au matibabu, au harusi ya mtoto. Kwa hivyo alipostaafu, watoto walichanga wakatukatia tiketi mbili za kwenda Muscat, mwezi wa Januari, wakati hali ya hewa ya huko ni ya baridi ya kupendeza. Wakatuambia, “Nendeni mkapumzike.” Mume wangu alishukuru, lakini nilimwona uso umemkunjamana.

Sababu naijua. Babu yake alishuka Mombasa kwa jahazi la kaskazi lililobeba tende na papa wakavu, kama walivyoshuka wengi wa zama zake. Ada ya majahazi hayo ilikuwa kurejea kusi inapoanza kuvuma, yakiwa yamesheheni boriti za mikoko kutoka Lamu. Yeye hakurejea. Alioa Mji wa Kale, akazaa, akazikwa papa hapa. Kwao Rustaq alikuwa ameacha mke na mtoto wa kike ambaye hata kutembea hajaanza. Mtoto huyo yu hai. Ni shangazi wa mume wangu, na umri wake wakaribia miaka 90. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kwenda kumtazama.

Wiki ya kwanza tuliistarehe kweli. Tuliswali katika Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos uliofunguliwa mwaka 2001, tukatembea jioni ufuoni Mutrah, tukaingia sokoni kwenye harufu ya ubani na halua. Hatukupata taabu ya lugha kama tulivyohofia. Baada ya mwaka 1970, jamaa nyingi zilizokuwa Zanzibar na pwani yetu zilihamia Oman, na hadi leo wapo wazungumzao Kiswahili majumbani mwao. Tulikwenda Nizwa siku ya Ijumaa tukaona mnada wa mifugo, wauzaji wakizungusha mbuzi duarani huku wanunuzi wameketi wakiwatazama meno na viwele. Tukapanda ngome yake yenye mnara mkubwa wa mviringo.

Siku ya nane nilimuuliza, “Na Rustaq je?” Akasema tupumzike kwanza. Usiku, taa zimezimwa, akanijibu kwa kweli: “Nitamwambia nini? Baba yake aliyemkosa yeye, ndiye babu aliyenipakata mimi.”

Nilimwambia kwamba yeye hakumtenga mtu, lakini akirudi Mombasa bila ya kwenda, basi na yeye atakuwa ametenga.

Rustaq ni kiasi cha kilomita 150 kutoka Muscat, chini ya safu ya milima. Ndani ya ngome yake amezikwa Imam Seif bin Sultan, ambaye majeshi yake yaliwatoa Wareno Fort Jesus mwaka 1698. Mji umeishi kwa falaj, mifereji inayoleta maji kutoka chini ya ardhi hadi mashamba ya mitende. Mmojawapo, Falaj al-Muyassar, ni katika mitano iliyotiwa na UNESCO katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2006. Maji hayo yana adabu yake: mwanzo wa mfereji ni wa kunywa, kisha msikiti na kuoga, ndipo mashamba. Kila mwenye shamba ana zamu yake iliyopimwa kwa saa, na zamu hiyo ni mali: huuzwa, huwekwa wakfu, na hurithiwa.

Ndiyo maana mtoto wa shangazi, aliyetupokea mlangoni, alikuwa mkarimu kwa mkono na mzito kwa uso. Kahawa ilimiminwa, tende zikawekwa, kisha akauliza kwa upole tumekuja kwa haja gani. Mke wake, aliyezaliwa Unguja, ndiye aliyekuwa mkalimani wetu. Mume wangu akajibu, “Haki ya ndugu zangu si yangu kuisamehe. Lakini mimi sikuja kwa ajili ya mirathi. Nimekuja kumwamkia shangazi yangu.”

Bibi alikuwa ameketi ukutani, mdogo ndani ya mtandio wake. Aliushika mkono wa mume wangu kwa muda mrefu, akauliza neno moja tu: “Alinitaja?”

Mume wangu hakutaka kumpamba mzee kwa uongo. Alimwambia kwamba babu alifariki yeye akiwa na miaka minane, na hakumbuki hadithi yoyote ya Rustaq. Anachokumbuka ni dua. Kila Ijumaa babu aliwaombea watoto wake jina kwa jina, na la kwanza lilikuwa jina ambalo wao watoto hawakumjua mwenyewe. Walidhani ni la marehemu. Akalitaja. Lilikuwa jina lake.

Shangazi alilia, naye mume wangu akalia, na yule mwanawe akanyanyuka kutia kahawa nyingine ilhali vikombe havijamalizwa.

Siku zilizobaki hatukuzuru popote. Shangazi alinicheka kwa kuendelea kunywa kahawa hadi aliponifunza kutikisa kikombe, maana usipotikisa huongezwa tu. Hakusema kwamba amemsamehe baba yake, nasi hatukumuuliza. Alimwambia mume wangu arudi na watoto.

Ndugu zangu akina mama, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kuunga udugu huleta baraka katika riziki na katika umri. Nyumba nyingi za pwani zina jamaa kama huyu, Hadhramaut, Ngazija, Barawa au Pate. Waulizeni wazee majina wangali hai, muyaandike. Si lazima pawe na tiketi. Simu moja yatosha kuanza. Na mume akisitasita, msimwache peke yake na hofu yake.

Mwenyezi Mungu atuunganishe na tuliowatenga, kabla ya kutenganishwa na kaburi. Amin.