Dawa za Maruweruwe Zilizokaa Muda Mrefu Nyumbani: Maelezo kwa Wazazi na Walezi

Kipeperushi hiki kimeandaliwa kwa familia zizungumzazo Kiswahili zinazoishi Uingereza. Kinahusu jambo ambalo wazazi hulikuta bila kulitarajia. Wakati wa kusafisha chumba cha kijana, au wa kuhamia nyumba iliyoachwa na mpangaji mwingine, hupatikana kipande cha karatasi chenye miraba midogo yenye picha, mfuko wa uyoga mkavu, au chokoleti isiyo na jina la kiwanda linalofahamika. Kijana akiulizwa hujibu kwamba ni vitu vya zamani, vimekwisha nguvu, na mzazi hushusha pumzi. Jibu hilo lisipokelewe upesi.

Dawa za maruweruwe ni zile zinazobadili namna mtu anavyoona, anavyosikia na anavyohisi kupita kwa wakati. Mbili zinazokutwa mara nyingi ni LSD, ambayo hudondoshewa kwenye karatasi, na uyoga wenye silosibini. Zote huchakaa, kama vile aspirini ya zamani inavyoanza kunuka siki. Ila hazichakai kwa mwendo mmoja, na kwa macho hakuna awezaye kujua zimefikia wapi.

LSD ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1938 na mwanakemia Albert Hofmann katika mji wa Basel, Uswisi, na nguvu zake juu ya akili alizitambua mwaka 1943. Kipimo chake huhesabiwa kwa mikrogramu, yaani sehemu moja ya milioni ya gramu, kiasi ambacho mizani ya jikoni haiwezi kukionyesha. Maadui wake ni mwanga, joto, unyevu na hewa. Miale ya jua huigeuza kuwa kitu kingine kisicholevya, na klorini iliyomo katika maji ya bomba huiharibu. Kanga iliyosahauliwa kambani hupauka kwa sababu iyo hiyo: jua huzivunja chembe zilizoipa rangi.

Lakini hakuna afichaye kitu juani. Karatasi hiyo huwekwa ndani ya kitabu, hufungwa kwa foili, husukumwa nyuma ya droo au chini ya mfuko wa nyama katika friza. Giza, ukavu na baridi ndiyo hali inayoihifadhi LSD kwa miaka. Maficho yaleyale yanayomzuia mama asiione ndiyo yanayoitunza nguvu yake, na mtoto wa miaka 4 atakayeikuta hatakutana na kitu kilichokufa.

Uyoga una tabia nyingine. Silosibini iliyomo ndani yake hugeuka mwilini kuwa silosini, na silosini ndiyo inayolevya. Silosini haivumilii hewa: uyoga mbichi ukiminywa huingia rangi ya samawati, alama kwamba oksijeni imekwisha kuishambulia. Ukishakauka, uyoga hupoteza nguvu kadiri miezi inavyopita, lakini hupoteza bila usawa, na hata ukiwa mpya, mmoja hutofautiana na mwingine katika mfuko uleule. Anayeamini kwamba wake umechuja huongeza kiasi, kumbe haujachuja. Ukiingiwa na unyevu huota ukungu, nao una madhara yake.

Familia zilizotoka Kongo au nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, ambako kuokota uyoga wakati wa mvua ni kazi ya kawaida, zinahitaji uangalifu wa ziada. Katika malisho ya Uingereza, msimu wa majani kupukutika, huota uyoga wa kulevya. Katika misitu yake huota pia uyoga wa sumu uitwao Amanita phalloides, ambao huangamiza ini. Kwa kawaida dalili zake huanza baada ya saa 6 hadi 24, mlaji akiwa hakumbuki tena alichokula, na sumu hiyo haitoki kwa kukaushwa, kupikwa wala kuwekwa muda mrefu. Ujuzi wa uyoga wa nyumbani hauhamishiki kwenye ardhi ngeni.

Penye watoto wadogo, chokoleti na pipi ndizo za kuogopwa zaidi, kwa kuwa mtoto hana sababu ya kuzishuku. Mwaka 2024 nchini Marekani, chokoleti na pipi zilizouzwa madukani kama bidhaa za uyoga ziliwafanya watu wa majimbo mengi wapelekwe hospitali, na maabara zilikuta katika baadhi yake vitu ambavyo havikutajwa kwenye kifungashio. Karatasi nazo haziaminiki: baadhi ya zinazouzwa kama LSD huwa na kemikali nyingine, za jamii iitwayo NBOMe, ambazo zimeua watu. Kwa hiyo kuuliza umri wa kitu ambacho chenyewe hakijulikani ni kuuliza swali la pili kabla ya la kwanza.

Vijana wengine hudai kwamba siku hizi vitu hivi ni tiba. Ni kweli kwamba silosibini inachunguzwa na watafiti kama tiba ya sonona. Hata hivyo, inayotumika katika utafiti hupimwa, huhifadhiwa chini ya ulinzi na hutolewa mbele ya wataalamu. Ya kwenye droo haina sifa hata moja kati ya hizo.

Kitu kama hicho kikikutwa, kisionjwe wala kisinuswe, na mikono ioshwe. Familia nyingi hukiweka kabatini ili baba akirudi safari akione, au mpaka mjomba aitwe. Desturi hiyo inaeleweka, lakini ina hatari mbili. Mtoto anaweza kukifikia. Pia, LSD na uyoga huu vimo katika daraja A, daraja zito kuliko yote katika sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1971, na kuwa navyo ni kosa. Sheria hiyohiyo humkinga anayechukua dawa ili kumzuia mwingine asitende kosa, mradi achukue hatua zote zifaazo, mapema iwezekanavyo, kuiharibu au kuikabidhi kwa mtu aliyeruhusiwa kisheria, kama vile polisi. Kuiweka wiki nzima kabatini si mapema.

Mtoto aliyekula asitapishwe kwa nguvu, wala asinyweshwe maziwa au maji ya chumvi kama ilivyozoeleka kwa mtu aliyekula sumu, maana anaweza kupaliwa. Mboni za macho zikipanuka, moyo ukienda mbio, akiona visivyokuwepo au akishikwa na hofu kubwa, abaki mahali patulivu pamoja na mtu mzima anayemjua. Hali hiyo si lazima iwe majini wala pepo; dua na maombi hayakatazwi, ila yafanywe njiani kuelekea hospitali. Namba 999 ipigwe mara moja ikiwa aliyekula ni mtoto mdogo, au mtu yeyote amepata degedege, amezimia, mwili umekuwa wa moto sana au anapumua kwa shida. Kwa mambo mengine ya kuuliza, namba ni 111. Masalio ya alichokula na kifungashio chake yapelekwe kwa daktari, naye aambiwe ukweli kuhusu kilicholiwa, kwa kuwa matibabu hutegemea hilo.

Nchini England, matibabu ndani ya idara ya dharura hayatozwi malipo kwa mtu yeyote, awe na kibali cha kuishi au hana. Malipo yanaweza kudaiwa baadaye iwapo mgonjwa atalazwa wodini na hastahiki huduma za bure. Mkalimani wa simu hutolewa bila malipo: apigaye ataje neno Swahili, kwa kuwa wapokeaji wengi hawalifahamu neno Kiswahili, kisha asubiri bila kukata simu.