Sikiliza mkanda mbele ya kupanda Ngomo

Mwaka jana motokari yetu ilitoka Uvira kwenda Bukavu. Tangu Sange mkanda wa moteri ulikuwa unalia. Shofere akaongeza muziki! Katikati ya Ngomo ukakatika: taa ya bateri ikawaka, usukani ukawa mzito penye kona, maji yakachemka. Tukalala njiani, siku ya kazi ikapotea.

Ndugu mchimbaji, mbele ya kulipa nauli, mwambie shofere azime moteri, afungue kapo. Asukume mkanda na kidole gumba: ukibonyea kupita sentimeta moja hivi, umelegea. Ukiwa na nyufa, ao unang'aa kama kioo, ao umelowa mafuta, abadilishe. Sabuni wanayopaka inanyamazisha kelele tu. Shofere akikasirika, panda ingine.