Nani Anaiendesha Shule ya Mtaa Wako?

Musonoi na Kapata ni mitaa iliyojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa migodi ya Kolwezi, na wazee wake bado wanazisifu shule za Gécamines. Kampuni hiyo, iliyozaliwa mwaka 1967 baada ya serikali kutaifisha Union Minière, ilitoa nyumba, ikagawa posho ya unga, ikatibu wagonjwa na kusomesha watoto wa wafanyakazi wake. Septemba 1990 mgodi wake wa Kamoto uliporomoka. Katika miaka michache uzalishaji wa shaba ulianguka vibaya, na shule zikaanguka nao.

Shule zile zilikuwa na majengo imara na walimu wazuri, ila maamuzi yote yalifanyika katika ofisi za kampuni. Mzazi alileta mtoto na kupokea ripoti, basi. Kampuni ilipoyumba, hapakuwa na chombo cha wazazi kilichozoea kupanga, kuhesabu na kudai. Naamini pengo hilo halijazibwa hadi leo.

Tunaposema shule ina afya, tunaangalia namna watu wake wanavyofanya kazi pamoja. Mkuu wa shule anasikiliza na kusikilizwa. Walimu wanasaidiana. Pesa iliyoingia na iliyotoka inajulikana, na mwenye malalamiko anajua pa kuyapeleka. Huko Chicago, watafiti Anthony Bryk na Barbara Schneider walizifuatilia shule za msingi katika miaka ya 1990. Shule ambamo walimu, wazazi na wakuu waliaminiana sana zilikuwa na nafasi moja kati ya mbili ya kupanda katika hesabu na kusoma. Zile ambamo watu hawakuaminiana zilikuwa na nafasi moja kati ya saba.

Mfano wa karibu zaidi unatoka magharibi mwa Kenya. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule 140 zilizopewa pesa za kuajiri mwalimu wa ziada kwa mkataba. Darasa lililokuwa na watoto zaidi ya 80 lilipungua karibu nusu. Ungedhani hilo lingetosha, lakini walimu wa serikali walipoona mwenzao ameongezwa, walilegea, na baadhi ya nafasi za mkataba zikaenda kwa ndugu zao. Katika nusu ya shule hizo, komite ilikuwa imefundishwa kuchagua mwalimu, kumfuatilia na kupima kazi yake. Huko upendeleo wa ndugu ulipungua na watoto walijifunza zaidi. Pesa ilikuwa ile ile. Tofauti ililetwa na komite.

Kwetu Kongo kila shule inatakiwa kuwa na komite ya wazazi, COPA, na baraza la uendeshaji, COGES, ambamo mkuu wa shule, walimu na wazazi huketi pamoja. Kwa bahati mbaya komite nyingi zilikulia katika kazi moja tu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, mshahara wa serikali ulipokuwa hautoshi hata kwa unga, wazazi ndio waliomlipa mwalimu, na sehemu ya pesa hizo ilipanda hadi ofisi za juu. Mzazi akaijua COPA kama mkono wa kukusanya. Septemba 2019 elimu ya msingi ya bure, iliyoahidiwa na Katiba ya mwaka 2006, ilianza kutekelezwa. Madarasa yakafurika, na wazazi wengi wakaona kwamba asiyelipa hana neno. Kosa hilo linatugharimu sana, kwa maana pesa ya serikali inayofika shuleni ni kodi yao, na inahitaji macho kuliko hata ile waliyoitoa mfukoni.

Na kazi ya komite haiishii kwenye pesa. Chukua daftari la mahudhurio. Jina la mtoto wa darasa la tano lina alama Jumatatu hadi Jumatano, halafu Alhamisi na Ijumaa ni patupu, wiki hadi wiki. Kolwezi tunajua anakoweza kuwa: anaosha madini mtoni au anabeba mfuko machimboni. UNICEF ilikadiria mwaka 2014 kwamba watoto wapatao 40,000 walifanya kazi katika migodi ya kusini mwa nchi. Katika shule iliyolala, mwalimu mwenye watoto 90 mbele yake huacha nafasi ile wazi na kuendelea. Katika shule yenye afya, mwisho wa wiki anampa mkuu majina, mkuu anamwita mjumbe wa COPA wa mtaa ule, na mjumbe anabisha hodi kwa mama wa mtoto kama jirani. Huenda akakuta kuna mgonjwa, au baba hana kazi, au kaka mkubwa ndiye aliyemchukua mtoto. Kwa hodi hiyo mtaa unajua mapema nyumba iliyoelemewa, kabla mtoto hajapotea kabisa.

Pesa za migodi nazo zipo. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kampuni itenge asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii, na asilimia 15 ya mrabaha iende kwa mamlaka ya eneo ambako madini yanachimbwa. Nyingi huishia kwenye matofali na mabati, kwa sababu jengo hupigwa picha siku ya kuzinduliwa. Ningependa sehemu yake iende kuifundisha komite kusoma hesabu, kuendesha kikao na kuandika kumbukumbu.

Ndugu mzazi, kikao kijacho cha COPA kikiitishwa, nenda. Omba hesabu za muhula zibandikwe mlangoni mwa mkuu wa shule, uliza ni watoto wangapi hawakuonekana mwezi uliopita, na uliza ni nani aliyekwenda kubisha hodi kwao.