Zamu za Dukani, Bima ya Mlipakodi

Mwaka 2005 waraka wa ndani wa Walmart ulivuja hadi kwenye gazeti la New York Times. Uliandikwa na Susan Chambers, aliyesimamia mafao ya wafanyakazi, na ulikiri kwamba asilimia 46 ya watoto wa wafanyakazi wa kampuni hiyo nchini Marekani ama hawakuwa na bima ya afya ama walikuwa kwenye Medicaid, bima ya umma kwa watu wa kipato cha chini. Ulipendekeza pia kila ajira iwe na kazi kidogo ya nguvu, mathalani keshia akusanye vitoroli, ili wenye afya dhaifu wasivutiwe kuomba. Hadi leo pendekezo hilo linaudhi kulisoma.

Hali hiyo haikuwa ya Walmart peke yake. Oktoba 2020, GAO, ofisi inayolikagulia Bunge la Marekani matumizi ya serikali, ilikadiria kwamba watu wazima wapatao milioni 12 wenye ajira walikuwa kwenye Medicaid, na karibu asilimia 70 yao walifanya kazi saa 35 au zaidi kwa wiki. Walmart na McDonald's zilikuwa miongoni mwa kampuni zilizoajiri wengi wao katika majimbo yaliyotoa takwimu. Ni kweli pia kwamba kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya milioni moja lazima itokeze katika orodha yoyote ya namna hiyo.

Kiini cha mambo ni saa na mshahara. Sheria ya afya ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi kuwapa bima wanaofanya kazi angalau saa 30 kwa wiki, la sivyo anaweza kutozwa faini. Chini ya saa hizo hadaiwi kitu. Mwaka 2014 Walmart ilitangaza kuwaondolea bima wafanyakazi wapatao 30,000 waliokuwa chini ya kiwango hicho. Kima cha chini cha kitaifa nacho kimebaki dola 7.25 kwa saa tangu 2009. Anayelipwa hivyo kwa saa 40 kila wiki, mwaka mzima bila likizo, hupata dola 15,080, wakati mstari wa umaskini kwa mtu mmoja mwaka 2025 ulikuwa dola 15,650.

Majimbo yamejaribu kuwabana waajiri. Mwaka 2006 Maryland iliamuru kampuni zenye wafanyakazi 10,000 au zaidi zitumie asilimia 8 ya jumla ya mishahara kwa afya yao. Iliyoguswa hasa ilikuwa Walmart, na mahakama ya shirikisho ikaibatilisha sheria hiyo kwa kuwa inagongana na sheria ya taifa ya mafao ya 1974. Massachusetts ilitoza waajiri hadi dola 750 kwa kila mfanyakazi aliyetumia bima ya umma, lakini kwa miaka miwili tu, 2018 na 2019.

Tozo ya namna hii mimi siiungi mkono. Meneja akijua kwamba mama anayelea watoto peke yake ataiongezea kampuni gharama, atamkwepa kimyakimya wakati wa usaili. Bora kupandisha mshahara wenyewe. Amazon, baada ya kushinikizwa hadharani na Seneta Bernie Sanders, ilipandisha kima chake hadi dola 15 kwa saa Novemba 2018, na biashara yake iliendelea kukua.

Sasa mzigo unahamishiwa kwa mfanyakazi. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 inawataka watu wazima wengi walioingia Medicaid kupitia upanuzi wa bima hiyo chini ya sheria ya 2010 wathibitishe saa 80 za kazi au shughuli nyingine zinazokubalika kila mwezi, na majimbo yalipewa hadi Januari 1, 2027 kuanza. Ratiba ya zamu hupangwa na meneja wa duka. Akipunguza saa katika mwezi wenye wateja wachache, keshia anaweza kupoteza mshahara na bima kwa pamoja, na sheria hiyo haimtozi mwajiri hata senti.